Bahasha ya kaki na presha ya Mama

Presha ya Mama ilikataa kushuka. Si kwamba alikuwa mvivu wa dawa. Mama ni mtu ambaye hata akienda mazishi Machakos hubeba vidonge vyake ndani ya leso aliyoifunga fundo, na humeza asubuhi kabla ya chai. Lakini kila tulipofika kliniki mashine ilisoma 160 na zaidi, siku nyingine 170 kwa 100. Dozi ya dawa ya kwanza ikaongezwa. Ikaja dawa ya pili, kisha ya tatu. Dada yangu akasema ni mawazo ya biashara. Mjomba akasema ni umri. Mama mwenyewe alishakubali kwamba ni damu ya ukoo, kwa kuwa nyanya yetu alianguka shambani akapooza upande mmoja na hakuinuka tena.

Kumbe kilichokuwa kikiipandisha kilikuwa kwenye pochi yake. Tangu tukijue, nimezungumza na watu wengi wenye mzazi wa presha, mitaa ya Nairobi kama Umoja, Kayole, Kariobangi, hata kazini kwetu mjini. Karibu kila nyumba nakuta jambo lilelile: mgonjwa anatibiwa na watu kadhaa, kila mmoja anajua kipande chake, na hakuna hata mmoja anayejua kila kitu kinachoingia mdomoni mwa mgonjwa. Ndiyo maana naandika.

Mama ameuza mitumba soko la Gikomba miaka mingi. Ni kazi ya kuamka kabla ya alfajiri, kubeba marobota, kusimama kutwa nzima. Magoti yakachakaa. Karibu na steji anayoshukia kuna duka la dawa, na mle ndani akapewa vidonge vya magoti katika ile bahasha ndogo ya kaki ambayo kila Mkenya anaijua: imeandikwa kwa kalamu 1x2, na hakuna kingine. Hakuna jina la dawa, hakuna miligramu, hakuna tarehe ya kuisha muda. Vilimsaidia kwelikweli. Vikiisha anapita tena, anasema "nipe zile za magoti", anapewa. Kliniki ya presha hakuwahi kuvitaja, kwa sababu hakuna aliyemuuliza habari za magoti, na kwake yeye magoti na presha ni vitu viwili visivyohusiana.

Kisha kliniki ikaletewa afisa mpya, dada kijana mpole. Alitazama daftari la Mama, akarudisha kurasa nyuma, akaweka kalamu chini.

"Mama, leo siongezi dawa," akasema. "Naomba mkija tena mje na kila kitu unachomeza, unachokunywa na unachojipaka. Hata ulichopewa na jirani. Hata cha mitishamba. Sitakugombeza."

Maneno yale ya mwisho ndiyo yaliyofungua pochi. Mama alikuwa amewahi kugombezwa mahali pengine kwa sababu ya mizizi, na tangu hapo alikuwa akinyamaza. Safari iliyofuata alimwaga kila kitu mezani: amlodipini, losatani, haidroklorothiazidi, hizo ndizo dawa zake za presha. Halafu bahasha ya kaki. Halafu ibuprofeni za kichwa, karatasi yake imekatwa nusu. Dawa ya mafua. Vidonge vya kuyeyusha ndani ya maji ambavyo dada yangu alimnunulia "kwa nguvu". Chupa ya plastiki yenye unga wa kahawia kutoka kwa mtu aliyeingia ndani ya matatu akihubiri dawa ya viungo. Yule dada wa kliniki hakucheka, hakukunja uso. Alivipanga mstari mmoja, akaanza kuandika kimoja baada ya kingine. Alipofika kwenye bahasha ya kaki akaniambia nikaulize jina pale kiliponunuliwa, kwa maana hawezi kukisia dawa kwa kuiangalia rangi.

Ilikuwa diklofenaki, miligramu 50, asubuhi na jioni, kila siku.

Nilichokielewa siku ile nakieleza kama nilivyoelezwa. Diklofenaki, ibuprofeni, naproksini, indometasini, piroksikamu na meloksikamu ni ukoo mmoja wa dawa za maumivu. Zinatuliza maumivu kwa kuzuia kemikali fulani mwilini zinazoleta uvimbe na uchungu. Shida ni kwamba kemikali hizohizo ndizo zinazosaidia kuweka wazi mishipa midogo inayopeleka damu kwenye figo. Ukizizuia kila siku, figo hupata damu pungufu, hushikilia chumvi na maji badala ya kuvitoa kwa mkojo, na presha hupanda. Si hilo tu. Losatani na enalapri, dawa nyingine ya presha, hufanya sehemu ya kazi yake kwenye figo, na haidroklorothiazidi kazi yake ni kutoa chumvi na maji kwa mkojo. Kwa hiyo dawa ya kukojoza ilikuwa inatoa maji na kidonge cha magoti kinayarudisha. Na mtu aliye kwenye dawa ya kukojoza pamoja na losatani au enalapri, akiongeza diklofenaki juu yake, figo zinaweza kuumia ghafla, hasa akiwa mzee au akiwa amepungukiwa na maji kwa kuhara au kutapika.

Damu ya Mama ikapimwa kreatinini na potasiamu kuona hali ya figo. Kreatinini ilikuwa juu kidogo, ishara kwamba figo zimelemewa. Diklofenaki na ibuprofeni zikaachwa. Badala yake akapewa parasetamoli kwa siku ambazo maumivu yamezidi, na jeli ya diklofenaki ya kupaka gotini, ambayo inaingia kwenye damu kwa kiasi kidogo sana kuliko kidonge. Na mazoezi. Hili la mazoezi Mama alilipokea kwa mashaka, maana mtu anayeumwa goti haoni vipi atalitumikisha zaidi. Lakini goti lililochakaa huumia zaidi misuli ya paja ikilegea. Anakaa kwenye kiti, ananyoosha mguu mmoja mpaka uwe sawa na sakafu, anaushikilia hapo akihesabu polepole, anaushusha, anarudia mpaka paja lichoke, kisha mguu wa pili. Hufanya hivyo akisikiliza taarifa ya habari ya redio. Magoti hayajapona na hayatarudi ujana, ila sasa anapanda ngazi za ghorofa yetu bila kushika ukuta.

Presha ilianza kushuka ndani ya majuma machache. Baadaye kreatinini ikarudi mahali pake, na ile dozi kubwa ya amlodipini ikapunguzwa. Hakuna dawa mpya iliyoongezwa.

Naomba msomaji asifikiri kwamba nasema diklofenaki ni sumu. Kijana mzima aliyeteguka kifundo cha mguu akaitumia siku chache, baada ya chakula, kwa kawaida hapati shida. Kinachotisha ni kuila kila siku mwaka mzima bila mtu kujua, kwa mgonjwa wa presha, wa figo, wa moyo, au mwenye vidonda vya tumbo. Parasetamoli nayo ina mpaka wake: mtu mzima asipite gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na wazee wembamba au wenye matatizo ya ini huambiwa wabaki chini ya hapo. Dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani, kwa hiyo anayemeza zote mbili anaweza kupita mpaka bila kujua. Na yule aliyeandikiwa aspirini ndogo ya moyo, miligramu 75 au 81, asiiache kwa sababu ya maneno yangu. Hiyo ni habari nyingine, amuulize aliyemwandikia.

Baada ya hapo nilianza kusoma majina ya dawa, na sasa nasoma hata ya majirani wakinipa ruhusa. Kila dawa ina majina mawili. Kuna lile kubwa la rangi alilolibuni mtengenezaji, na kuna lile dogo chini yake, ambalo ndilo jina la dawa yenyewe. La kushika ni lile dogo. Majina ya dawa za presha hata yana miisho inayokusaidia kujua ukoo wa dawa: yale yanayoishia na pril, kama enalapril na lisinopril, sartan, kama losartan na telmisartan, dipine, kama amlodipine na nifedipine, olol, kama atenolol na bisoprolol. Dawa mbili zenye mwisho mmoja zikikutana kwenye mfuko wa mgonjwa mmoja, uliza kabla hajameza.

Kuna mzee katika ploti ya jirani ambaye miguu ilimvimba mpaka viatu vikakataa. Akaambiwa na watu kwamba figo zimekwisha, akanunua dawa ya kukojoza. Binti yake alileta maboksi tukayatazama pamoja: moja kutoka hospitali, jingine kutoka duka la dawa alilopita siku hospitali ilipoishiwa. Rangi tofauti, watengenezaji tofauti, na chini ya kila moja herufi ndogo: amlodipine 10 mg. Alikuwa anameza miligramu 20 kwa siku, na kuvimba vifundo vya miguu ni moja ya madhara yanayojulikana sana ya amlodipini, hasa dozi ikipanda. Walirudi kliniki, boksi moja likaondolewa, na ile dawa ya kukojoza ikaondolewa pia. Nikikumbuka jinsi binti yule alivyokuwa ameshaanza kuuliza bei za kusafisha figo, roho inaniuma.

Vivyo hivyo kikohozi. Ukianza dawa inayoishia na pril, halafu ukapata kikohozi kikavu cha kuwasha koo kisichoisha, usikimbilie antibiotiki. Kinaweza kuwa ni dawa hiyo. Mwambie daktari, mara nyingi hubadilishiwa ikawa moja ya zile za sartan na kikohozi kikaisha chenyewe. Na kwa kuwa katika ploti zetu watu huazimana dawa jinsi wanavyoazimana chumvi, niseme hili wazi: dawa za pril na za sartan zinaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Mama mjamzito mwenye presha ana dawa zake tofauti, asipewe za nyanya ya mtoto hata siku moja.

Mashine ya kupimia nyumbani tuliinunua kwa kuchangiana, mimi, dada na mjomba. Ni ile ya kufunga mkononi juu ya kiwiko, maana za kifundo cha mkono husumbua kupata kipimo sahihi. Kilichonishangaza ni jinsi namba inavyobadilika kwa vitu vidogo. Mama akipimwa mara tu baada ya kupanda ngazi, juu. Akipimwa huku anamjibu mama mboga dirishani, juu. Akipimwa akiwa amebana mkojo, juu. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene nao husoma juu kuliko ilivyo. Kwa hiyo tuna utaratibu: aende msalani kwanza, nusu saa kabla asiwe amekunywa chai wala kahawa, akae kwenye kiti chenye mgongo kwa dakika tano, miguu chini bila kuikunja mmoja juu ya mwingine, mkono juu ya meza usawa wa moyo, mkanda kwenye ngozi na si juu ya sweta. Kimya. Tunapima, tunangoja dakika moja, tunapima tena, tunaandika zote mbili na saa.

Daftari hilo limekuwa na thamani kuliko mashine. Kuna watu ambao presha hupanda wakimwona daktari tu, nyumbani iko sawa, na wengine ni kinyume chake. Namba moja ya kliniki haimwambii daktari yupo na mgonjwa yupi. Akiona juma zima la asubuhi na jioni, anaamua kwa uhakika. Kliniki, 140 kwa 90 na kuendelea, ikirudiwa siku tofauti, ndiyo huitwa presha ya juu. Nyumbani hutumia 135 kwa 85. Namba unayotakiwa kuifikia wewe mwenyewe mnaipanga na daktari wako, maana mwenye kisukari au ugonjwa wa figo huweza kutakiwa ashuke zaidi.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Kenya ana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa. Sasa angalau kuna wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 waliopewa mikoba ya kazi mwaka 2023, na ndani yake mna mashine ya presha na ya sukari. Wa mtaa wetu ni jirani tu, anapita na viatu vya mpira siku za mvua. Ukimwona, nyoosha mkono upimwe. Presha haiumi. Watu wengi hungoja kichwa kigonge ndipo waseme imepanda, na mwingine anakaa na 180 akicheka na wateja.

Jikoni ndiko tulikokuwa na mabishano marefu, kwa sababu Mama haongezi chumvi mezani na alihesabu hilo limekwisha. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kwa vyakula vyote pamoja, yaani pungufu ya kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Chukua kijiko hicho, kimwage kwenye kisahani, ukiangalie. Ni kidogo mno, na humo umehesabiwa mkate wa asubuhi, unga wa mchuzi wa pakiti, soseji, smoki na kachumbari yake ya pembeni ya barabara, mutura, krispi za watoto ambazo nyanya anaonja. Sisi tulianza kwa kuweka chumvi mwishoni badala ya mwanzoni, kwa kipimo, na kuacha kabisa ule unga wa mchuzi, ambao sehemu kubwa yake ni chumvi. Tunaungia vitunguu, nyanya, dania, tangawizi na pilipili hoho. Majuma ya kwanza chakula kilikuwa baridi ulimini, hata mimi nilikionea huruma. Baadaye ulimi ulizoea, na sasa Mama akila hotelini ndiye anayesema chumvi imezidi.

Ila kilichotushtua wote ni magadi. Mama ni Mkamba, muthokoi na maharagwe ndiyo chakula chake, na magadi huingia sufuriani ili viive haraka na kuokoa makaa. Majirani zetu wa magharibi huyatia kwenye mrenda na kunde. Magadi ya Ziwa Magadi kule Kajiado ni chumvi ya sodiamu, na sodiamu ndiyo inayopandisha presha, iwe imetoka kwenye pakiti ya chumvi, kwenye magadi, au kwenye soda ya kuokea. Chumvi ya mawe na ile ya rangi ya waridi inayouzwa ghali kwenye supamaketi ni vilevile. Hata vile vidonge vya kuyeyusha majini vya dada yangu vilikuwa na sodiamu, ndiyo inayosaidia kuvifanya vichemke. Sasa maharagwe na muthokoi hulala kwenye maji usiku kucha, maji yale humwagwa, vinachemshwa kwa maji mapya. Huchukua muda zaidi. Makaa tunayolipa zaidi tunayakubali. Na ukisoma pakiti ukakuta wameandika sodiamu badala ya chumvi, zidisha kwa 2.5 upate chumvi.

Kwa upande wa kuongeza, hapa Nairobi hatuna sababu ya kulalamika sana: sukuma wiki, terere, managu, ndizi, maembe, parachichi, maharagwe, maziwa mala. Utafiti wa Marekani uliojulikana kama DASH, uliotolewa 1997, ulionyesha kwamba mlo wenye matunda, mboga na maziwa yasiyo na mafuta mengi hushusha presha hata kabla ya kugusa chumvi. Sehemu ya siri yake ni potasiamu. Lakini kuna onyo ambalo mitandaoni hulikuti: mwenye figo dhaifu, au aliye kwenye dawa za pril na sartan, potasiamu inaweza kumpanda kwenye damu hadi ikasumbua moyo. Kwa huyo, zile chumvi mbadala zenye potasiamu ni hatari, na hata matunda ayapange na kliniki. Mama anakula ndizi na mboga zake kama kawaida kwa sababu damu yake imepimwa. Mgonjwa mwingine asinakili sahani yake kabla hajapimwa.

Kuhusu mitishamba sina vita navyo. Kitunguu saumu kina uwezo mdogo wa kushusha presha, na Mama anakitia kwenye chakula chake. Hakiwezi kuishika presha ya 170 peke yake, na yeyote anayekwambia uache vidonge unywe saumu na ndimu anacheza na ubongo wako. Kinachonitia hofu zaidi ni ule unga wa chupa usio na jina. Katika nchi mbalimbali wakaguzi wamekuta dawa za viungo zinazoitwa za asili zikiwa zimechanganywa kimyakimya na diklofenaki au deksamethasoni, ambayo ni steroidi. Ndiyo maana zinafanya kazi upesi hivyo, goti linatulia kesho yake, na ndiyo maana zinapandisha presha na sukari bila mtu kujua. Unga wa Mama haukupimwa, hivyo sitasema ulikuwa na nini. Uliachwa pamoja na vidonge.

Pesa nazo zina sauti katika jambo hili, nisijifanye sizijui. Nimeona watu wakikata dozi katikati, wakimeza siku moja na kuruka moja, ili mwezi ufike. Kwenye duka la dawa sasa naomba kwa jina dogo: "Nipe losatani 50 iliyo nafuu, iwe imesajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu." Tofauti ya bei kati ya boksi moja na jingine la dawa ileile huwa kubwa. Kituo cha afya cha serikali pia ni mahali pa kuanzia: tangu SHA, mamlaka ya afya ya jamii, ichukue nafasi ya NHIF, ile bima ya hospitali ya taifa, tarehe 1 Oktoba 2024, huduma za zahanati na vituo vya afya kwa aliyesajiliwa hulipwa na Mfuko wa Afya ya Msingi, na dawa za presha za kawaida zikiwepo unazipata hapohapo. Zikikosekana, mwambie daktari ukweli wa mfuko wako. Anaweza kukuandikia za bei ya chini au kidonge kimoja chenye dawa mbili. Kuacha ghafla ndiko kubaya zaidi, hasa kwa atenolol na ndugu zake, kwa sababu moyo unaweza kurudi mbio na presha ikaruka.

Kwa bahasha za kaki, dai haki yako. Kabla sijatoka dukani nampa muuzaji kalamu aandike jina la dawa, miligramu, namna ya kumeza na tarehe ya kuisha. Wengi huandika bila kinyongo. Anayekataa, nenda duka la pili. Hapa Nairobi halipo mbali. Mama hulifanya hili mwenyewe siku hizi, kwa sauti ya sokoni, na foleni nzima nyuma yake husikia.

Ubavuni mwa jokofu letu kuna karatasi ya dawa zake zote kwa majina madogo, na picha yake iko kwenye simu za watu watatu. Chini yake tumeandika la dharura. Namba ikifika 180 kwa 120 bila dalili yoyote, akae atulie, apimwe tena baada ya dakika chache, apigiwe mtu wa kliniki siku hiyohiyo. Asiongezewe vidonge kwa kukisia, wala asiwekewe nifedipini chini ya ulimi kama zamani, maana presha ikiporomoka ghafla nayo inaweza kumpoozesha mtu. Lakini akiona maumivu ya kifua, pumzi ikikata, uso ukilegea upande mmoja, mkono ukikataa kuinuka, maneno yakivurugika au macho yakifunga kiza, hapo hakuna kungoja hata kama mashine inasoma vizuri. Ni hospitali kubwa, teksi yoyote, saa hiyohiyo, na mtu aandike dalili zilianza saa ngapi, kwa sababu dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwenye ubongo hutolewa ndani ya saa nne na nusu za mwanzo.

Kliniki ijayo watarudia kreatinini na potasiamu. Ikiwa zimekaa vizuri, yule dada wa kliniki amesema ataangalia kama dawa ya kukojoza bado inahitajika. Daftari la vipimo vya nyumbani limeshajaa, nimemnunulia Mama jingine.